Hata lini? Kumlilia Mungu haki wakati wa mateso

"Mwachie Mungu." Muumini aliyeumizwa huambiwa hivyo kabla machozi hayajakauka, na anayemwambia huwa na nia njema. Shida ni kwamba anayeambiwa husikia neno jingine kabisa: nyamaza. Ukikaa muda mrefu na watu waliopigwa, waliofukuzwa makwao au waliofiwa kwa sababu ya jina la Kristo, utaona kwamba wengi hawakuchoshwa na mtesi peke yake. Wamechoshwa pia na ndugu waliowaziba mdomo kwa maneno matakatifu.

Kumwachia Mungu jambo, kwa jinsi Biblia inavyofanya, kuna kazi ndani yake. Ni kulipeleka. Mtu hufika mbele ya mwamuzi, humtaja aliyemkosea, hueleza alichotendewa, husema anachotaka kifanyike, kisha huiacha kesi pale na kurudi nyumbani mikono mitupu. Aliyenyamaza hajaiacha kesi popote. Bado ameibeba, tumboni, kichwani na usingizini. Ule usemi wa watu wa kawaida, "nimemshtaki kwa Mungu," huwatisha wachungaji wengine kwa sababu unanukia laana, lakini uko karibu na maandiko kuliko wanavyodhani. Yeremia alifanya hivyo waziwazi watu wa kwao walipopanga kumwua (Yeremia 11:20). Na Petro, akieleza jinsi Yesu alivyokaa kimya mbele ya waliomtukana, hasemi kwamba hakujali haki. Anasema alijikabidhi "kwake yeye ahukumuye kwa haki." Palikuwa na mwamuzi wa kukabidhiwa.

Hapa Kiswahili kimetuficha jambo moja, na inafaa lijulikane mapema. Mjane wa Luka 18 alimwambia kadhi dhalimu, "Nipatie haki na adui wangu." Roho za waliochinjwa, zilizo chini ya madhabahu katika Ufunuo 6, zinalia "hata lini" zikitaka damu yao ipatiwe haki. Paulo katika Warumi 12:19 anakataza: "msijilipize kisasi." Msomaji wetu huona haki huku na kisasi kule, vitu viwili. Katika Kigiriki mzizi ni ule ule mahali pote patatu: ekdikeo. Paulo hakatazi kitu ambacho mjane alitolewa kuwa mfano kwa kukiomba. Anachokataza ni kukichukua kwa mkono wangu. Ninaloruhusiwa kuliomba kwa kinywa, hata usiku na mchana, siruhusiwi kulitenda.

Tazama pia kitenzi alichochagua mfasiri katika mstari huo huo: "ipisheni ghadhabu ya Mungu." Kupisha ni kazi ya mtu aliyesimama njiani. Kuna methali isemayo mwenye nguvu mpishe, na waumini wengi walioonewa wameishi kwa methali hiyo, wakimpisha mtesi kwa kuwa hawana la kufanya. Paulo anataka apishwe mwingine. Mtu anayelipiza kisasi, hata akiwa na haki zote, amesimama katikati ya barabara mahali ambapo Hakimu alitaka kupita.

Zaburi ya 13, kwa karibu

Karibu theluthi ya zaburi zote 150 ni za maombolezo, lakini ukitaka moja ya kujifunzia, chukua ya 13. Ina aya 6 tu, na hata ukiisoma taratibu haimalizi dakika mbili. Neno "hata lini" limo mara nne katika aya mbili za kwanza. Angalia kila moja inaelekea wapi. Mbili za mwanzo zinamwendea Mungu: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako. Ya tatu inamgeukia mwombaji mwenyewe: hata lini nifanye mashauri nafsini mwangu. Ya nne ndiyo inamtaja adui: hata lini adui yangu atukuke juu yangu.

Watu huja wakianzia ya nne. Waache. Mtu aliyechomewa nyumba ataanza na aliyechoma. Lakini kama baada ya majuma kadhaa bado yuko kwenye ya nne peke yake, sala imekuwa mazungumzo na adui huku Mungu akiwa shahidi tu, na hapo msaada wa upole unahitajika: mwulize, "Na Mungu je, yeye unamwambiaje?" Wengi hunyamaza kwanza. Hawakujua kwamba wanaruhusiwa kumwambia Mungu kuwa wanaona amewasahau. Ukiwaonyesha kwamba sentensi hiyo imo ndani ya Biblia, na kwamba aliyeisema hakuadhibiwa, mabega hushuka.

Kilio cha tatu ndicho kinachosahaulika, nacho ndicho kinachokula usiku. "Kufanya mashauri nafsini" ni ile hali ya kulala macho ukipanga utamwambia nini mtesi ukikutana naye. Ukamjibu, ukamshinda hoja, ukaanza tena, na alfajiri ikakukuta huna nguvu za kuamka. Hiyo nayo ni sehemu ya jeraha. Daudi aliileta mbele za Mungu kama mateso, hakuileta kama dhambi ya kuungama. Tofauti hiyo ina uzito kwa mtu ambaye kila asubuhi hujilaumu kwamba hajasamehe.

Baada ya lalamiko huja ombi, nalo ni fupi: angalia, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Kisha aya ya 5 inageuka ghafla: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Kati ya aya ya 4 na ya 5 hakuna habari njema iliyoingia. Adui yupo, Mungu bado hajaonekana. Kosa la kawaida kabisa la viongozi ni kumkokota mtu hadi aya ya 5 siku ile ile, kwa wimbo wa furaha au kwa swali la "si unajua Mungu ni mwema?" Aya ya 5 haivutwi. Kwa wengine huja baada ya saa moja, kwa wengine baada ya mwaka. Ndiyo sababu Zaburi ya 88 haikutolewa katika kitabu: haina aya ya 5 yoyote, inaishia gizani, na bado ni sala. Mtu ambaye hawezi kuimba sifa leo apewe ya 88, asipewe lawama.

Kikao cha maombolezo kinavyoendeshwa

Kundi liwe dogo: watu 5 hadi 12. Wakizidi 15, mtu aliyeumizwa huanza kuhubiri, kwa kuwa macho mengi humlazimisha awe shujaa. Kipaza sauti kisiwepo. Kwaya isubiri. Tengeni saa moja na robo, na mlango uwe na mtu wa kuaminika, maana kuingiliwa katikati ya kilio huwarudisha watu nyuma kuliko kutokianza kabisa.

Zaburi isomwe mara mbili, na sauti mbili tofauti. Mara ya kwanza asome kiongozi. Mara ya pili asome mmoja wa walioumizwa, akipenda. Na akikwama njiani, asipokezwe haraka. Mwacheni akwame. Kisha kimya. Kundi lisilozoea haliwezi zaidi ya dakika 3. Lililozoea hufika 10. Wanaolalamika kwamba kimya si ibada wakumbushwe Ufunuo 8, ambapo mbinguni kwenyewe palikuwa kimya kama muda wa nusu saa, na mara baada ya hapo maombi ya watakatifu yakapandishwa pamoja na moshi wa uvumba.

Baada ya kimya, kila mmoja aseme sentensi moja inayoanza na "Hata lini." Moja tu. Sheria hii huonekana ya kitoto mpaka uione ikifanya kazi. Kwanza humzuia mwenye maneno mengi asichukue dakika ishirini. Pili, na hili ni kubwa, humlazimisha mtu achague, na katika kuchagua ndipo anapojua kidonda chake kiko wapi hasa. Mtu aliyedhani analilia mali hujikuta amesema, "Hata lini watoto wangu wataogopa sauti ya mlango?" Asijibiwe na yeyote. Kundi zima liitikie neno lile lile kila mara: "Hata lini, Ee Mola."

Ombi lifuate, nalo liwe na makali. "Mungu tusaidie" ni ombi la mtu asiyetarajia kujibiwa. Ombeni kwamba mkono fulani uzuiwe, ukweli wa tukio fulani ujulikane, shahidi asitishwe, hakimu asinunuliwe, aliye kizuizini aone mwanga wa jua, mtoto alale usiku kucha. Ombi lenye makali lina faida nyingine: baadaye mtajua kama limejibiwa au la, na mtaweza kurudi mbele za Mungu na lile ambalo halijajibiwa, kama mjane alivyorudi kwa kadhi.

Mwisho ni kukabidhi. Baadhi ya makundi huandika malalamiko kwenye karatasi na kuichoma. Ni tendo zuri, lakini nimeweka sharti: isichomwe karatasi ambayo ndiyo kumbukumbu pekee ya tukio. Inatosha kuikunja na kuiweka mezani mbele ya Biblia au msalaba, mtu akaondoka bila kuigusa tena jioni ile. Mikono mitupu ndiyo inayotafutwa.

Kazi haijaisha mlangoni. Aliyelia mbele za watu huzama saa chache baadaye, akiwa peke yake. Apigiwe simu usiku ule na siku ya pili. Na kama majuma yanapita hapati usingizi, anashtuka kwa kila kishindo, hataki kula, au anasema angependa asiwepo, huyo anahitaji daktari au mshauri wa afya ya akili pamoja na maombi. Eliya alipoomba afe, kitu cha kwanza alichopewa kilikuwa usingizi na mkate, kisha usingizi tena na mkate tena. Sauti ndogo ya utulivu ilingoja zaidi ya siku arobaini.

Zaburi zenye meno

Mwaka 1971 Kanisa Katoliki lilipotoa Sala ya Vipindi, kitabu chake cha sala za kila siku, iliyofanyiwa marekebisho, zaburi tatu nzima, 58, 83 na 109, ziliachwa, pamoja na aya kadhaa za nyingine. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yamefanya vivyo hivyo bila kutangaza: hazihubiriwi. Sababu ya kichungaji inaeleweka, kwani mkusanyiko wenye hasira ukipewa Zaburi ya 109 bila maelezo unaweza kutoka nje na mawe. Lakini hasara ipo pia. Aliyetendewa ukatili mkubwa hupekua kitabu cha sala akitafuta neno lenye ukubwa wa kilichompata, akakuta maneno ya watu waliokwaruzwa tu.

Agano Jipya halikuzionea haya. Zaburi ya 69, iliyojaa laana, imenukuliwa katika Yohana, Matendo na Warumi. Ya 109 imenukuliwa na Petro katika Matendo 1:20.

Zinasomwaje, basi? Anza kwa kuuliza laana inaomba nini hasa. "Ee Mungu, uyavunje meno yao vinywani mwao," inasema Zaburi ya 58, na mstari unaofuata unataja magego ya wana-simba. Simba aliyevunjwa meno hajafa. Amenyang'anywa uwezo wa kurarua. Ombi hilo linaweza kutafsiriwa kwa maisha ya leo bila kuondoa ukali wake: silaha zikwame, fedha za kulipa wahuni zikauke, uongo wa mashtaka ubomoke mahakamani, cheo kinachotumiwa kuonea kiondoke mikononi mwa anayekitumia. Mtu akielewa meno, huomba kwa nguvu na dhamiri yake ikatulia.

Kisha angalia laana inamtaja mtu kwa lipi. Zaburi ya 109 inampinga aliyemwandama maskini na mhitaji ili amwue, inashtaki tendo. Haishtaki damu yake, lugha yake wala asili yake. Huu ndio mpaka ambao kiongozi wa sala asiuachie hata kidogo. Mara tu sala inapohama kutoka "waliofanya hili" kwenda "watu wale," mkatize anayeomba, kwa adabu lakini papo hapo. Vurugu huanzia kwenye kiwakilishi.

Aya ya mwisho ya Zaburi ya 137, ile inayosema heri atakayewapiga watoto wa Babeli juu ya mwamba, iachwe nje ya ibada ya pamoja. Isomwe faraghani, na aliyefiwa na mtoto, akiisoma mwenyewe. Ni kilio cha mateka waliochukuliwa Babeli baada ya mji wao kubomolewa, na kinasema malipo yawe ya vile vile walivyotenda. Maana yake ni kwamba watoto wao wenyewe walishatendewa hivyo. Aliyeiandika aliuacha mkono wa kutenda kwa mwingine. Hakuna Mkristo aliyepewa ruhusa ya kuigeuza iwe ombi juu ya mtoto aliye hai, lakini pia hakuna aliyepewa kazi ya kumkemea mzazi anayetetemeka juu yake.

Chupa ya machozi na chombo cha udongo

Kuna dhana kwamba anayemngoja Mungu hapeleki shauri mahakamani. Paulo hakuijua dhana hiyo. Kule Filipi, baada ya kuchapwa hadharani bila hukumu, aliambiwa atoke gerezani kimya kimya. Alikataa, akataka wakuu waje wenyewe kuwatoa, yeye na Sila. Yerusalemu, akiwa ameshafungwa kamba za ngozi ili achapwe, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi bila kumhukumu. Kaisaria alitamka, "Nataka rufani kwa Kaisari." Ni Paulo yule yule wa "msijilipize kisasi," na mistari michache tu baada ya kukataza kisasi, katika Warumi 13, anaandika kwamba mamlaka ni mtumishi wa Mungu wa kumlipa mtenda mabaya. Kushtaki ni mojawapo ya njia za kupisha.

Kwa hiyo kumbukumbu iandikwe. Zaburi ya 56 inamwomba Mungu ayatie machozi kwenye chupa yake na inauliza kama hayamo kitabuni mwake. Anayeandika tukio anafanya kazi inayofanana na hiyo. Iandikwe siku ile ile, kabla ya kulala kama inawezekana, kwa sababu kumbukumbu hubadilika kila mara inaposimuliwa. Tarehe, saa, mahali. Ulichokiona kwa macho kitenganishwe na ulichosimuliwa. Maneno ya vitisho yaandikwe kama yalivyotamkwa, hata yakiwa machafu, usiyasafishe. Sifa na hukumu ziachwe: "watu 6, 2 wenye marungu, walivunja mlango wa nyuma" ina nguvu kuliko "kundi la mashetani lilituvamia kikatili." Jeraha lipigwe picha mbili, moja ya mbali inayoonyesha ni la nani na kiungo kipi, moja ya karibu yenye kitu cha kupimia ukubwa, kama rula au sarafu. Karatasi ya hospitali ihifadhiwe ile halisi. Majina ya mashahidi yakae kwenye orodha yake, mahali pengine, na ndani ya maelezo watajwe kwa namba.

Nakala ziwe mbili. Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, Yerusalemu ukiwa umezingirwa, alimwagiza Baruku achukue hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Moja ya kutumika, moja ya kusubiri siku ambayo itaaminiwa.

Linaloharibu kumbukumbu nyingi siku hizi ni haraka ya kurusha picha mitandaoni. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa, na uso wa mtoto ukishasambaa haurudishwi. Ruhusa iombwe mara mbili: siku ya tukio, na tena baada ya juma moja, mtu akiwa ametulia. Wengi hukubali ya kwanza na kukataa ya pili, na ya pili ndiyo ya kuheshimiwa, hata kama picha ingewavutia wafadhili.

Walioanguka, na mengine yanayoharibika

Rafiki za Ayubu walifanya vyema siku saba, walipoketi chini pamoja naye bila kusema neno. Waliharibu siku walipoanza kueleza. Kila kundi lina Elifazi wake, anayetafuta dhambi ya siri ndani ya nyumba iliyochomwa. Mpe kazi: akachote maji, akafuatilie hati polisi, akakae na watoto. Mdomo wake utapungua.

Si kila taabu ya Mkristo ni mateso kwa ajili ya Kristo. Petro analisema bila kuremba: asiteswe mtu wenu kama mwuaji, mwizi, au anayejiingiza katika mambo ya watu wengine. Mhasibu wa kanisa aliyeshtakiwa kwa kula sadaka hateswi. Na mke anayepigwa na mume muumini asiambiwe kwamba huo ni msalaba wake. Anayemwambia hivyo amekuwa kadhi dhalimu, na mjane wa Luka alijua la kufanya na kadhi wa namna hiyo.

Jambo gumu kuliko yote hayo ni la waliokana. Mwaka 250, chini ya Kaisari Decius wa Roma, kila raia alitakiwa kutoa dhabihu kwa miungu na kupewa cheti cha kuthibitisha. Waumini wengi sana walitoa. Wengine hawakutoa ila walinunua cheti. Dhoruba ilipopita, kanisa likajikuta na watu wenye makovu na watu wenye vyeti katika ibada moja. Novatian, kasisi wa Roma, na wenzake wakasema walioanguka wasipokelewe tena. Cyprian, askofu wa Carthage katika Afrika ya Kaskazini, ambaye mwenyewe alikuwa amejificha na kulaumiwa kwa hilo, aliongoza njia ya toba: kila mtu atazamwe kwa kadiri ya alichofanya, aliyetoa dhabihu apewe muda mrefu zaidi kuliko aliyenunua cheti. Mwaka 258 Cyprian aliuawa kwa imani hiyo hiyo.

Kwa kundi la leo, hii ina maana ya vitendo. Aliyetia saini karatasi akiwa na kisu shingoni, aliyekana ili mtoto asichukuliwe, na aliyepeleka majina ya wenzake kwa malipo ni watu watatu tofauti. Wakichanganywa, wale wawili wa kwanza huondoka kwa aibu na wa tatu hubaki, kwa kuwa yeye amezoea kuvaa uso mwingine. Aliyetaja majina asirudishiwe mapema kazi inayomfikisha kwenye orodha za waumini, hata kama ametubu kwa machozi. Kusamehewa ni jambo moja, kuaminiwa na funguo ni jambo jingine.

Kungoja

Watu husema malipo ni hapa hapa duniani. Wakati mwingine ni kweli, na waumini hukusanya habari za watesi waliopata ajali kama ushahidi. Kuwa mwangalifu na mkusanyo huo. Matendo 12 ni sura moja fupi: Herode anamwua Yakobo kwa upanga, malaika anamtoa Petro gerezani, na mwishoni Herode mwenyewe analiwa na chango na kufa. Anayehubiri malaika na chango bila upanga amekata sura vipande. Mama yake Yakobo alikuwa mwanafunzi. Kwa nini malaika alikwenda kwa mwana wa mwingine, maandiko hayamwelezi. Ukimwahidi mtu kwamba "mwaka huu haupiti" kabla hajaona haki, umemkopesha kwa jina la Mungu deni ambalo hukutumwa kulikopesha.

Jibu walilopewa wale walio chini ya madhabahu ni la ajabu. Hawakukemewa kwa kuuliza. Hawakupewa tarehe. Kila mmoja alipewa nguo nyeupe, wakaambiwa wastarehe bado muda mchache, hata itimie hesabu ya wajoli wao. Wajoli, watumwa wenzao wa bwana mmoja, ni neno ambalo wengi huruka kwa kuwa halitumiki tena mitaani. Limebeba habari nzito: foleni bado ipo, na walioko nyuma ni wa kwetu. Lakini nguo ilitolewa kabla ya hukumu. Katika huduma hii maana yake ni kwamba mtu arudishiwe heshima yake mapema, jina lake lisafishwe mbele ya kanisa, uongo aliozuliwa ukanushwe hadharani, na asisubirishwe mpaka kesi iamuliwe.

Hali mbili huwakuta watu hawajajiandaa. Ya kwanza ni mtesi kuanguka. Mithali 24:17 inakataza kufurahi adui aangukapo, na inafaa kundi likubaliane mapema litafanya nini siku hiyo: shukrani kwa walioponywa, ndiyo, vigelegele mbele ya msiba wa mtu, hapana.

Ya pili ni mtesi kutubu, nayo ni ngumu zaidi. Anania wa Dameski alipoambiwa aende kwa Sauli alimkumbusha Bwana mabaya yote ambayo Sauli aliwatenda watakatifu, na Bwana hakumkasirikia kwa kumbukumbu hiyo. Alikwenda, akaweka mikono, akasema "Ndugu Sauli." Yerusalemu ilichukua muda: wanafunzi walimwogopa, hawakusadiki, mpaka Barnaba akamshika mkono, akamdhamini mbele ya mitume na kueleza alichojua juu yake. Kila mtesi anayerudi anahitaji Barnaba wake, mtu aliyemchunguza na aliye tayari kubeba lawama. Nao watu watauwa waliomzika Stefano na kumfanyia maombolezo makuu hawatajwi tena. Hakuna palipoandikwa kwamba walitakiwa kukaa benchi moja na Sauli siku aliyofika.